Kishindo na Kamba ya Kiatu

Fundi viatu alifanyia kazi nyumbani. Chumba cha mbele kilikuwa na mlango wa barabarani. Hapo aliweka kigoda chake, nyundo, makopo ya gundi na rafu ya viatu vilivyosubiri kushonwa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala.

Mke wake alikuwa mfanya usafi hospitalini. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa kumi jioni. Saa zote hizo mtoto wao alibaki na baba.

Mtoto huyo alikuwa wa kike, wa miaka miwili na miezi mitano. Walimwita Kishindo. Tangu alipoanza kutembea, alikanyaga sakafu kama mtu mzima aliyekasirishwa.

Kila asubuhi mambo yalikwenda vilevile. Baba alimnywesha uji, akamfuta mdomo, akamkalisha kwenye mkeka karibu na rafu. Kisha akampa simu yenye katuni. Kishindo aliinamisha kichwa, akatazama. Baba akashika nyundo.

"Una mtoto mtulivu kweli," wateja walimwambia.

"Ni hiyo simu," fundi alijibu akicheka. "Yaya wangu haugui, wala haombi ruhusa."

Mama hakucheka. Jioni moja alisema, "Baba Kishindo, binti wa dada yangu ni mdogo kuliko huyu, lakini anaomba maji kwa kuyataja. Wetu ananyoosha kidole tu."

"Kila mtoto na siku yake."

"Maneno manne, mume wangu. Nimeyahesabu. Baba, mama, hapana na simu."

"Ataongea. Ukoo wetu una mtu bubu?"

Mama aligeukia jiko. Alikuwa amechoka, na chakula kilikuwa kinaungua.

Siku ya Jumanne umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Saa nne asubuhi simu iliishiwa chaji, ikazimika mikononi mwa Kishindo. Aliitikisa. Akaigonga sakafuni. Kisha akaangua kilio.

Fundi alikuwa na jozi ya viatu iliyotakiwa kabla ya mchana. Alimpa mtoto kiatu kimoja kikuukuu achezee. Kishindo akakitupa. Akampa kipande cha mkate. Nacho kikaruka. Fundi akapiga moyo konde, akaendelea kushona huku mtoto analia.

Baadaye kilio kilikatika. Fundi alishukuru. Alishona mstari mmoja, akaanza wa pili. Ndipo aliposikia kikohozi.

Aligeuka. Kopo la vipete vya shaba, vile vinavyozunguka matundu ya kamba za viatu, lilikuwa limepinduka. Vipete vilikuwa vimetapakaa mkekani. Kishindo alikuwa amekaa katikati yake, macho yamejaa machozi, anakohoa mfululizo.

Fundi aliruka, akamshika kidevu, akataka kumtia kidole kinywani.

"Usimtie kidole!" sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, mlezi katika kituo cha watoto wadogo. Watu walimwita Mwalimu. Mkononi alishika ndara iliyokatika mkanda. Aliitupa chini, akapiga magoti mkekani.

"Anakohoa kwa nguvu," alisema. "Maana yake bado anapumua. Mwinamishe mbele, umwache akohoe."

Kishindo alikohoa mara moja zaidi, na mara nyingine. Kipete kikadondoka kwenye mkeka, kimelowa mate. Kisha akalia kwa sauti kubwa. Fundi hakuwahi kufurahia kilio namna ile.

"Ungeingiza kidole bila kukiona kitu chenyewe, ungeweza kukisukuma ndani zaidi," Mwalimu alisema. "Lakini angeshindwa kukohoa, akashindwa kutoa sauti, tungemwinamisha na kumpiga mgongoni, katikati ya mabega, mara tano, huku tukiita watu. Hilo ujifunze leo leo. Sasa funga duka. Mpeleke hospitali wamsikilize kifua. Hatujui kama ni kimoja tu."

Fundi alifunga mlango, akambeba mtoto, akaenda mbio.

Mke wake alikuwa akipiga deki kwenye ukumbi wa wagonjwa. Alipowaona aliliacha tambara katikati ya njia. Aliwaongoza kwa daktari, akamshika mtoto mpaka alipomaliza kupimwa.

"Kifua ni safi," daktari alisema. Alimtazama Kishindo, aliyekuwa akinyoosha kidole kwenye kalamu yake. "Anaongea?"

Wazazi walitazamana.

"Maneno manne," mama alisema.

Daktari akawapeleka chumba cha jirani. Huko mtoto alipimwa masikio. Majibu yalitoka siku hiyohiyo.

"Anasikia vizuri," daktari alisema. "Anafanya nini kutwa nzima?"

Fundi alieleza habari ya simu. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa.

"Simu inamsemesha, lakini haimsubiri ajibu," daktari alisema. "Mtoto hujifunza kuongea na watu, tena akiwa anafanya kitu kwa mikono yake. Mrudisheni baada ya miezi mitatu nimwone. Asipobadilika, tutatafuta sababu nyingine."

Njiani kurudi, baada ya zamu yake, mama hakumlaumu mtu. Alisema jambo moja tu. "Yale makopo yako, Baba Kishindo, leo hii yapande juu ukutani."

Yalipanda siku hiyohiyo.

Kesho yake Mwalimu alikuja kuchukua ndara yake. Fundi alikuwa ameishona mara mbili. Alimwekea kigoda.

"Mwalimu, nisaidie," alisema. "Daktari ameniambia nicheze na mtoto. Mimi sijui kucheza. Na vitu vya kuchezea vya dukani sina."

Mwalimu alitazama chumba kizima. "Huna?" alisema. "Mimi hapa naona duka zima. Lakini kwanza nipe ule mrija wa karatasi ya chooni, ule unaobaki karatasi ikiisha."

Fundi alimletea. Mwalimu aliusimamisha mkononi, akadondosha kipete cha shaba ndani. Kikapita. Akajaribu kifungo cha koti. Nacho kikapita. Akajaribu kifuniko cha kopo la siagi. Kikagoma juu.

"Hii ndiyo sheria," alisema. "Kinachopita humu kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Usimpe. Kisichopita, tazama kama kina ncha kali au sumu. Kama hakina, ni chake."

Kisha akaomba sanduku tupu la viatu. Fundi alilitoa. Mwalimu alimwonyesha atoboe mfuniko, atengeneze mwanya mrefu kama wa sanduku la barua. Aliweka mbele ya Kishindo vifuniko vitano vikubwa vya makopo.

Kishindo alivitazama. Akatazama mwanya. Akachukua kifuniko, akakilaza, kikakataa kuingia.

Fundi alinyoosha mkono amsaidie.

"Mwache," Mwalimu alisema. "Hapo ndipo anapofikiri."

Kishindo alikigeuza kifuniko huku na huku. Mara kikaingia, kikalia ndani ya sanduku. Alishtuka, akacheka.

"Kimeingia," Mwalimu alimwambia. "Kifuniko kimeingia ndani. Kiko wapi?" Kisha akanyamaza, akamtazama, akasubiri.

Kishindo hakujibu. Alichukua kifuniko cha pili.

"Umeona?" Mwalimu alimwambia fundi. "Sema anachofanya, kwa maneno machache. Uliza. Halafu subiri. Usimjibie. Hata asipojibu, amesikia."

Kabla ya kuondoka alitaja michezo mingine. Brashi kubwa na maji kidogo bakulini, apake ukuta. Soksi za nyumba nzima, aitafutie kila moja pacha wake. Unga, chumvi na maji, vikandwe pamoja mpaka viwe donge laini la kufinyanga.

"Donge lina chumvi nyingi, hivyo asile," alisema. "Na maji, hata yawe kidogo vipi, usimwache nayo peke yake. Ukiinuka, maji nayo yanainuka."

Siku ya kwanza mambo yalikwenda ovyo. Kishindo aliingiza vifuniko kwenye sanduku mara tatu, akachoka, akaitaka simu. Alilia nusu saa. Fundi alijigonga kidole kwa nyundo. Siku ya pili mtoto alimwagia maji soli mpya. Siku ya tatu fundi alimsimamisha Mwalimu akipita barabarani.

"Dakika tano tu, kisha amechoka!" alilalamika. "Nitashona saa ngapi?"

"Dakika tano kwa umri wake ni nyingi," Mwalimu alijibu. "Usimpe vyote kwa mara moja. Toa kimoja, ficha vingine. Akichoka, badilisha. Cheza naye dakika kumi kwanza, ashibe uso wako. Baada ya hapo atacheza peke yake ukiwa unashona, mradi uwe unamwona. Na mpe kitu kinachofanana na kazi yako. Watoto hawapendi kuachwa nje ya mambo ya wakubwa."

Fundi aliliwaza neno hilo mchana kutwa. Jioni alichukua kadibodi nene, akaikata umbo la kiatu. Aliitoboa matundu sita makubwa. Akatafuta kamba fupi ya kiatu, fupi kiasi kwamba isingeweza kuzunguka shingo ya mtoto, akaifunga fundo mwishoni.

Asubuhi alimkalisha Kishindo kando ya kigoda chake. "Baba anashona," alisema. "Kishindo naye anashona."

Kishindo aliishika kamba kwa ngumi. Ilipita tundu la kwanza baada ya majaribio mengi. Ulimi ulimtoka pembeni ya mdomo, kama wa baba yake anapotunga uzi kwenye sindano.

"Ingiza," fundi alisema. "Sasa vuta. Vuta kamba."

Akasubiri. Nyundo ilikuwa mkononi, lakini hakuipiga.

"Vuta," Kishindo akasema.

Fundi alimwita jirani aje asikie. Jirani alipofika, Kishindo hakusema neno. Alikuwa na kazi.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa mama. Ijumaa ya wiki iliyofuata alirudi akakuta unga sakafuni, unga kwenye nywele za mtoto, unga kwenye suruali ya mumewe.

"Kutwa nzima nafuta sakafu za watu," alisema. "Na kwangu nako nikute kinu cha unga kimepasuka?"

"Tulitandika gunia," fundi alisema.

"Gunia liko wapi? Silioni."

Gunia kweli halikuonekana. Lilikuwa chini ya unga.

Fundi hakubishana. Alianza kufagia. Kishindo alichukua tambara, akalichovya kwenye maji ya bakuli, akafuta sakafu mbele ya miguu ya mama yake. Alifuta sehemu ileile, mviringo, mviringo, kwa juhudi kubwa. Uchafu ukaongezeka.

Mama alimtazama. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofuta kila Jumapili, na kila Jumapili alimfukuza mtoto ili amalize haraka.

"Sivyo hivyo," alisema hatimaye. Akachuchumaa. "Kamua kwanza. Kamua tambara."

"Kamua," Kishindo alisema, akakamua. Maji yakamwagikia viatu vya mama.

Kuanzia wiki hiyo wazazi walipatana. Donge la unga lilichezewa juu ya sinia pana, siyo sakafuni. Mchezo ukiisha, kila kitu kilirudi kwenye sanduku, na Kishindo ndiye aliyekirudisha. Jumapili mama alimpa tambara lake mwenyewe. Walianika nguo pamoja, mtoto akimpa mama vibanio kimoja kimoja, vibanio vikubwa vilivyokwisha kupimwa kwenye mrija. Simu ilibaki mfukoni mwa fundi, kwa ajili ya wateja.

Kazi ya fundi haikwenda haraka kama zamani. Aliwaambia wateja wasubiri siku moja zaidi. Wengi walikubali. Mmoja alikasirika, akaenda kwa fundi mwingine.

Miezi mitatu ilipotimia walirudi kwa daktari. Alimwonyesha Kishindo kalamu.

"Hii nini?"

"Kalamu," Kishindo alisema. "Nipe. Naandika."

Daktari alimpa karatasi. Kwenye faili aliandika kwamba mtoto anaendelea vizuri, aje tena baada ya miezi sita. Mama aliyasoma maandishi hayo mara mbili ukumbini, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Siku hiyo zamu yake ilichelewa kwisha. Wagonjwa walikuwa wengi na sakafu zilichafuka kila saa. Alipofika nyumbani mgongo ulikuwa unauma. Alisimama mlangoni, kanga ya kujifunika mabegani, bado amevaa sare ya kazi.

Fundi na Kishindo walikuwa mkekani, sinia katikati. Walikuwa wamefinyanga safu ya vitu vya mviringo, vingine vimebonyea, vingine vina alama za vidole. Fundi alianza kusema kitu, kisha akaacha. Alimtazama mtoto, akasubiri.

Kishindo aliinua kichwa. Akasogea pembeni, akapigapiga mkeka kwa mkono uliojaa unga.

"Mama amechoka," alisema. "Mama akae hapa."

Mama alivua viatu, akakaa.