Jiwe la Dirishani

Nyumba ya Kinyozi ilikuwa tulivu kama maji ya mtungini. Kila asubuhi yeye alivuka barabara akafungua kibanda chake cha kunyolea, kilichotazamana na dirisha la jiko lake mwenyewe. Mkewe, Mama Pacha, aliwapeleka mabinti zao wawili shuleni, kisha akaenda kwa wifi yake, dada wa Kinyozi, aliyekuwa fundi cherehani. Huko alipiga pasi na kushona vifungo mpaka jioni. Majirani waliogombana waliambiwa, "Mbona kwa Kinyozi hatusikii kelele?"

Basi tegeni sikio, ninyi wenye waume na ninyi wenye wake, mjue jinsi nyumba kama hiyo ilivyobakiza kidogo tu izike mtu, kwa sababu ya mawe mawili yanayoenea kiganjani.

Mama Pacha alikuwa na kifua kizito. Akipanda ngazi, anatweta. Daktari akamwambia atembee. Akatembea, kutembea kukazaa kukimbia, na kukimbia kukamtoa kwenye lami na honi kukampeleka kwenye vijia vya nyuma ya mji. Huko akapata wenzake wawili. Mmoja alikuwa Muuza Mayai, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu. Wa pili alikuwa Fundi Baiskeli, mwanamume mrefu, mkimya, aliyefiwa na mkewe zamani.

Hao ndio waliomfundisha. Fundi alimwambia, "Mlima usishindane nao. Ukiwa mkali, tembea, mikono magotini, hakuna atakayekucheka. Ukishuka, piga hatua fupi fupi, na macho yawe mbele, pale utakapokanyaga baadaye. Ukitazama vidole vyako, umeanguka."

"Na usimfuate mtu kisiginoni," Muuza Mayai akaongeza. "Mimi nikianguka, wewe ndiye godoro."

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukimbia kwenye kijia chenye majani makavu yaliyolowa umande, huijui raha hiyo. Mguu haugongi, unazama kidogo kisha unarudishwa. Kila hatua ni mpya, mara mzizi, mara jiwe, mara tope, na kichwa hakipati nafasi ya kubeba mashaka ya nyumbani. Mama Pacha alirudi na tope hadi kwenye vigimbi vya miguu, ananukia misonobari, akimsimulia mumewe jinsi ukungu ulivyofunuka bondeni kama shuka linalovutwa kitandani. Tena alicheka. Kinyozi alikuwa ameishi naye miaka mingi, akidhani vicheko vyote vya mkewe anavijua. Hicho hakukijua. Na hakikutoka kwake.

Hapo ndipo kidudu kilipoingia kwenye unga.

Sasa sikilizeni habari ya mawe. Njia zilikuwa mbili: ya bondeni, inayofuata mto, na ya kilimani, inayopita msituni hadi kwenye mwamba. Huko simu haishiki. Kwa hiyo Fundi Baiskeli aliwawekea wenzake desturi, kwamba anayetangulia peke yake aache alama nyumbani na avae filimbi shingoni, ili asiporudi ajulikane wapi pa kutafutwa. Mama Pacha akaokota mawe mawili. Jeupe likiwa dirishani, ameshuka bondeni. Jeusi, amepanda kilimani. Akirudi, anayaondoa. Wifi yake alielezwa yote hayo, na mumewe pia, lakini siku hiyo mumewe alikuwa anasikiliza mpira redioni, akajibu, "Haya, haya."

Kibanda cha Kinyozi kilikuwa na kioo kikubwa kilichoonyesha barabara yote nyuma yake. Asubuhi moja, akiwa amemwinamisha mteja, alimwona Fundi Baiskeli kiooni. Alikuja mbio, akapunguza mwendo mbele ya dirisha la jiko, akalitazama, kisha akakata kona kuelekea kilimani. Na dirishani palikuwa na jiwe jeusi.

Mteja naye alikuwa na macho. "Yule anatazama nini kwako? Mbona kama mtu anayesoma saa?"

Wembe ukasimama shingoni.

"Kinyozi," mteja akasema polepole, "mimi nimeuliza tu. Shingo ni yangu hii."

Toka siku hiyo Kinyozi hakunyoa tena, alichunga. Kioo kikawa macho yake ya nyuma, akajifunza kwamba penye jeupe Fundi hushuka bondeni, penye jeusi hupanda kilimani. Akahesabu kila tabasamu la Fundi kuwa ushahidi. Hata lile neno "shemeji" ambalo Fundi alimwita mkewe kwa heshima, yeye alilisikia kama mtu anayegonga mlango wake.

Jioni moja hakuweza tena kujizuia. Mkewe alikuwa anakwangua tope kwenye viatu vyake kwa kijiti.

"Kwani lazima uende?"

"Si lazima. Napenda."

"Unapenda nini hasa?"

Mama Pacha akafikiri. "Kule juu naisikia pumzi yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba ninayo."

"Na huyo Fundi?"

"Fundi ana nini?"

"Nauliza tu."

"Basi twende wote, mume wangu. Penye mawe nitakushika mkono."

Kinyozi akatazama kitambi chake. "Mimi si mbuzi," akasema, akageukia ukuta. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yake, ndugu zangu, akaufunga mwenyewe kwa kisigino.

Asubuhi iliyofuata mbingu ilikuwa nzito. Mama Pacha aliwaandaa watoto mapema, akaweka jiwe jeusi dirishani, akaondoka akiwa amefunga vizuri kamba za viatu, zimekaza kwenye vifundo, zimelegea vidoleni. Kinyozi akavuka barabara kama mtu aliyesahau taulo. Akaingia jikoni, akaliondoa jiwe jeusi, akaliweka jeupe. Moyo ulimdunda kama wa mwizi wa kuku, lakini ulikuwa na utamu wake.

Hakungoja sana. Fundi Baiskeli alikuja, akalitazama dirisha, akashika njia ya bondeni.

"Nenda ukawatafute samaki," Kinyozi akasema kimoyomoyo. Akanyoa vichwa akipiga mluzi. Mvua ikaanza, kisha ikamwagika kama iliyofunguliwa bomba, naye bado anapiga mluzi.

Jua lilikuwa limeshafika utosini nyuma ya mawingu dada yake alipoingia kibandani, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Kaka, wifi yuko wapi? Hajafika kazini."

Mluzi ukakatika. Kinyozi akatazama kiooni. Jiwe jeupe lilikuwa palepale.

Dada yake akafuata macho yake. "Jeupe," akasema. "Mungu wangu, ameshuka mtoni, na mvua yote hii." Akatoka mbio akiwaita watu.

Walipofika bondeni, mto ulikuwa umevaa rangi ya matofali na unabeba magogo. Fundi Baiskeli alikuja na kamba, mikono bado ina grisi. "Mimi nilipita hapa asubuhi kabla ya mvua," akasema. "Sikumwona. Wala nyayo zake sikuziona."

Dada wa Kinyozi akakaa kwenye tope. Kila mtu alielewa neno hilo kwa namna moja, kwamba kama alishuka na hakuonekana njiani, basi yumo majini.

Kinyozi peke yake ndiye aliyejua. Alifungua kinywa, ulimi ukawa jiwe la tatu. Aliona nyuso za majirani, wateja wake wote, wale waliosema kwa Kinyozi hawagombani. Akajiambia, ngoja, nitapanda kimyakimya, nitamkuta anashuka, tutarudi wote na hakuna atakayejua. Akajitenga na watu, akaikabili njia ya kilimani na ndala zake za kibandani.

Mlima haumheshimu mwenye siri. Kwenye mteremko wa kwanza ndala ziliteleza, akaporomoka kwa tumbo, viganja vikachunika. Akainuka akitweta. Mbele kidogo kijia kiligawanyika, kushoto na kulia, na yeye hakujua mkewe hupita wapi. Hakuwahi kumwuliza. Siku zote alikuwa ameuliza nani, hakuuliza wapi. Aliita jina la mkewe, mvua ikalimeza.

Akarudi bondeni anachechemea. Huko Fundi Baiskeli alikuwa amejifunga kamba kiunoni, yuko majini hadi kifuani, anapapasa chini ya magogo. Muuza Mayai na wengine wameishika kamba. Wakati huohuo maji yalimpiga, kichwa kikazama. Wakavuta. Akaibuka, akatema maji, akageuka kuingia tena.

"Toka," Kinyozi akasema.

Hawakumsikia.

"Mtoeni mtu huyo majini. Mke wangu hayumo humo. Alipanda kilimani. Jiwe nimelibadilisha mimi."

Dada yake akainuka kutoka kwenye tope.

"Ulilibadilisha kwa nini, kaka?"

 Alimtazama Fundi Baiskeli, na hapo wote wakaelewa.

"Kwa huyu?" Muuza Mayai akauliza. "Huyu ambaye hata kuku wangu hawamwogopi?"

Fundi Baiskeli akapanda ukingoni anatetemeka, akakamua shati lake. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Akasema, "Lawama ziko, hazitakwisha. Leteni blanketi. Ni kijia cha kushoto, penye mwamba."

Wakapanda. Kinyozi alitambaa nyuma, akiteleza kila mara, mpaka Fundi Baiskeli akarudi akamshika kiwiko. "Hatua fupi, bwana. Usitazame vidole." Mkono ule ule aliouogopa ndio uliompandisha.

Walimkuta chini ya mwamba. Mguu wake ulikuwa umevunjika juu ya kifundo, umevimba kama mto wa kulalia. Midomo imekuwa ya buluu, na filimbi yake bado iko kinywani, ingawa hana tena pumzi ya kuipuliza. Dada wa Kinyozi akamfunika, akamkumbatia.

"Mwanzo nilipuliza," Mama Pacha akasema, meno yakigongana. "Halafu nikaacha, nikatulia. Nilijua mtakuja. Jiwe nimeliacha." Akamwona mumewe nyuma ya watu. "Uliliona, baba?"

Watu wakamgeukia Kinyozi.

"Mwambie wewe," dada yake akasema.

Kinyozi akamwambia, amepiga magoti kwenye tope. Mama Pacha alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakumtukana. Alifumba macho, kisha akawageukia wenzake. "Nisaidieni kuinuka."

Baridi ya siku ile ilimwingia kifuani, kifua kilekile alichokuwa amekitibu kwa miguu yake. Alilala hospitali mpaka wale mabinti wakazoea kusukana wenyewe kwa wenyewe. Lakini hakufa. Mfupa ukaunga, ukapinda kidogo. Kinyozi alimwomba msamaha mbele ya dada yake, akaenda pia hadi karakana ya Fundi Baiskeli, akaomba kwa sauti ya kusikika barabarani. Wote wawili walimsamehe. Taulo zake zilifuliwa, chakula chake kiliwekwa mezani.

Kisha ikafika asubuhi Mama Pacha alipovaa tena viatu vyake. Kinyozi, akiwa na mteja, akatazama kiooni. Dirisha la jiko lilikuwa tupu. Akaacha kichwa cha mtu nusu, akavuka barabara, akatafuta jikoni, mawe hayapo. Akakimbia kwa dada yake, na hapo, dirishani, kati ya vigurudumu vya uzi, akaliona jiwe jeupe.

"Mbona liko kwako?" akauliza.

Dada yake alitoa pini mdomoni. "Ndipo alipoona halitaguswa."

Kinyozi akarudi kumalizia kile kichwa. Mpaka leo ananyoa, na kioo kinamwonyesha dirisha lake mwenyewe, halina kitu.

FUNZO

Wivu huuliza, "Uko na nani?" Mapenzi huuliza, "Unapita wapi, nikutarajie lini?" Usiione furaha ya mwenzako kuwa imeibwa kwako kwa sababu tu haikutoka mkononi mwako. Ukikaribishwa uionje, nenda, hata kama una kitambi. Ukikosea, sema mapema, maana kila dakika unayoficha kosa lako kuna mtu anazama kwa niaba yako. Na ninyi mnaopenda vijia, msiondoke bila kuacha alama. Nasi tunaoachiwa alama tusiiguse, kwa kuwa msamaha unaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo, na lile jiwe likabaki kwa wifi.