Kifasiri cha Halvoska

Kichapa-vipuri cha fundi Atuganile kilikuwa kinatema rilei ya sita ya trekta asubuhi ile, na kila aliyepita dirishani alisimama kutazama. Unaweka kipuri kibovu juu ya sinia, mwanga wa buluu unakikagua ndani na nje, ukihesabu hadi mia kipya kinadondoka, bado cha moto. Mwaka huo wa 2084 wakulima wa Mwandulu, mji wa mpunga na mahindi bondeni Usangu, walikuwa wamekwisha kusahau habari za kuagiza spea nje. Kipuri kimoja tu kilikuwa kimewashinda mafundi wote: kifasiri cha trekta la Halvoska.

Na aliyekuwa akikitafuta, kasimama mlangoni na kofia mkononi, alikuwa Gaudensi Kihwele. Huyo huyo! Miaka kumi na miwili hakukanyaga karakana ile, leo shida imemleta.

"Habari za asubuhi, fundi."

Alimzidi Atuganile miaka ishirini na zaidi, shikamoo ilikuwa haki yake. Hakuipata.

"Sema shida yako."

Akaisema. Halvoska lilikuwa trekta la kigeni lisilo na dereva. Yalikuja arobaini tu nchini, na wakala aliyeyaleta alikuwa Kihwele mwenyewe. Kifasiri ni kisanduku kisichozidi kiberiti, kinachosikia amri ya mkulima na kuigeuza kuwa umeme wa kwenda kwenye mota za magurudumu. Kikiungua, trekta ni chuma tu. Kiwanda kilichokitengeneza kilikwisha kufa, na kilikuwa kimekiwekea kufuli ya siri ambayo mwanga wa kichapa-vipuri haupenyi. Kihwele alikuwa amepiga simu hadi Lusaka na Nampula. Hola. Mvua za kupandia zilibakiza siku tano, ekari zake mia tatu hazijaguswa, na ushirika ulikuwa na sheria moja isiyo na huruma: asiyelima msimu huu, shamba anapewa mwingine.

"Ninacho kimoja," alisema Atuganile. "Nilikitoa kwenye trekta lililomuua kaka yangu."

Kihwele aliinamisha kichwa. "Ambwene. Mungu amlaze mahali pema."

"Usimtaje."

Lo, kuna watu wana uso mkavu! Maana ni huyu huyu aliyesimama mbele ya mtendaji wa kata akaapa kwamba Ambwene alilewa, akalala kwenye matuta. Ambwene, shemasi wa kanisa, ambaye hata togwa alikuwa akiinusa kwanza asije akakuta imechacha! Mtendaji wa wakati huo akaandika "ulevi", kesi ikaisha. Mama yao alikufa akiitwa mama wa yule mlevi.

Ukweli Atuganile aliupata ndani ya kisanduku chenyewe, baada ya miaka saba ya kukichokonoa. Kule lilikotoka Halvoska, saa zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Wataalamu wa kule walikifundisha kifasiri maneno ya Kiswahili, hawakukifundisha saa za Kiswahili. Alfajiri ile Ambwene aliliambia trekta, "Anza saa kumi," akimaanisha jioni, kisha akaenda kung'oa magugu mbele yake. Saa kumi ya kwao ni saa nne yetu ya asubuhi. Lilianza saa nne.

Kilichokosekana ni ushahidi kwamba Kihwele alilijua jambo hilo. Basi Atuganile akanyamaza, akamsubiri. Kifasiri cha Kihwele nacho kingeungua siku moja, na njia zote zingemleta hapa.

Alikubali kumpa, na kesho yake alikifunga kifasiri shambani kwa Kihwele. Nusu ya wanaushirika walikuwepo, pamoja na mtendaji mpya wa kata, wote kwa mwaliko wa Atuganile.

"Sikabidhi kazi bila majaribio," alisema. "Liambie lianze saa kumi."

"Si niliambie tu lianze sasa?"

"Nataka kupima saa. Kwani kuna ubaya?"

Watu walikuwa wanamtazama. Kihwele alilamba midomo, akasema polepole, "Anza saa kumi." Taa ya kijani ikawaka. Atuganile akatandika mkeka kwenye tuta, hatua tano mbele ya magurudumu, akamimina chai vikombe viwili.

"Karibu, mzee. Muda tunao."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Kihwele alikaa. Chai ikamwagikia suruali wala hakushtuka. Alitazama saa yake, akatazama tena, akatazama tena. Zilipobaki dakika mbili kufika saa nne aliruka, akatimua mbio matutani, kiatu kimoja kikabaki kwenye udongo.

"Mbona unakimbia?" Atuganile alimpigia kelele, kakaa vile vile. "Saa kumi si jioni?"

Saa nne kamili Halvoska likavuma nyuma ya Atuganile. Magurudumu hayakuzunguka, kwa kuwa fyuzi za mota zake zilikuwa mfukoni mwa Atuganile. Lakini kila mtu alilisikia.

Mtendaji alimfuata Kihwele. "Ulijua?"

"Kiwanda kiliniandikia," alisema akihema. "Mwezi mmoja kabla ya... kabla ya Ambwene. Walitaka vifasiri vyote vibadilishwe. Niliogopa watu watayakimbia matrekta."

"Andika," Atuganile alimwambia mtendaji. "Andika hayo palipoandikwa ulevi."

Kisha akakichomoa kifasiri, akakiweka juu ya jiwe, akakipiga nyundo mara tatu. Kihwele alilia kwa sauti: "Fundi! Mvua, fundi!" Uongo wa nini, Atuganile alifurahi. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Jirani yake, Tumpe, alikuwa miongoni mwa wanaushirika waliokuja. Sasa akasogea.

"Atu, haya mambo ya saa umeyajua tangu lini?"

"Miaka mitano. Nilikuwa namsubiri aje mwenyewe."

"Mume wangu alikatwa mguu na Halvoska mwaka juzi," alisema Tumpe. "Ulikuja hospitali, ulileta ndizi. Ukaniuliza ilikuwa saa ngapi, nikakwambia. Ukasema pole."