Upinde wa Baba Wavinya

Rafiki yangu Mutisya, seremala wa mtaa wa Landless, si mtu wa kutia chumvi. Aliazima upinde wa kuwindia wa marehemu baba yake Wavinya, kule Ruiru, achonge nakala zake sita za kuwauzia wapenzi wa vitu vya zamani.

"Chonga tu," Wavinya alimwambia, "lakini usifunge uzi. Tuliukata siku tuliyomzika mzee."

Hakufunga, hata kwenye nakala.

Alasiri moja ya mvua, mlango wa mabati wa karakana yake ukiwa umefungwa, stima ikapotea. Gizani akasikia uzi ukivutwa polepole, kisha ukaachiliwa. Mara saba. Hakuogopa, wala hakuhisi chochote.

Stima iliporudi, pinde zote saba zilikuwa ukutani, hazina uzi. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatika hadi mfupani, na havikuuma.