Taa ya Sita

Siku ile bandari ya Bujumbura ilikuwa imefurika hadi pa kukanyaga hapakuwepo. Meli ya mizigo kutoka Kigoma ilikuwa imefunga kamba alfajiri, na wapakuzi walipita mbio na magunia ya chumvi mabegani wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Kila mtu alitaka kumaliza na kurudi kwake kabla milio haijaanza huko milimani. Ulikuwa mwaka wa kumi wa vita.

Katikati ya vurugu ile, Caritas, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani, alikuwa amechuchumaa mbele ya katoni yake mwenyewe, kitenge chake cha kijani amekikusanya magotini kisiguse matope. Taa sita, zote nzima. Zilikuwa taa za kuzama ukutani, zile zinazofichwa ndani ya tofali ukabaki uso tu, kama alivyoziona kwenye kitabu cha picha cha mfanyabiashara mmoja. Alikuwa amezingoja miezi mitatu.

"Ukuta wako uko na unene gani?"

Alishtuka. Kijana mrefu alikuwa amesimama nyuma yake, shati jeupe la mikono iliyokunjwa, penseli sikioni, roli la waya begani.

"Pardon?"

"Nauliza ukuta. Hii taa inaingia ndani sentimita kumi na mbili. Ulipima mbele ya kununua?"

Caritas hakuwa amepima kitu. Kwa hiyo alikuja juu. "Na we ni nani wa kuniuliza ukuta wangu?"

"Fortunat, fundi wa umeme, mutoto wa Bukavu. Na we, dada, umenunua kiatu bila kujua mguu."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka chenyewe. Ah, moyo nao una adabu gani! Hata jina lake la ukoo hajalijua, na tayari alikuwa anajipangusa vumbi kwenye nywele.

"Basi, Monsieur Sentimètre, kuja upime mwenyewe."

"Nitakuja, Madame Douane," alijibu, akionyesha kwa kidevu neno hilo la forodha kwenye kitambulisho chake.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaani Mutanga Sud, nyumba ya tofali za kuchoma aliyoiacha marehemu baba. Caritas aliishi humo na mama yake, Mama Daphrose, na waliishi gizani. Umeme ulikuwepo. Lakini mwaka uliopita risasi ilifuata taa ya dirishani kwa jirani ikamuua akiwa mezani, na tangu siku ile Mama Daphrose hakuruhusu taa iwashwe. Jua likizama alifunga madirisha ya mbao, akakaa kitandani na rozari yake, hali, hasemi, anasikiliza. Bunduki zikianza, Caritas alimsihi atoke chumbani waende kulala kwenye kolido, katikati ya nyumba. Mama alikataa. "Kule ni kaburi," alisema. "Giza la kule siliwezi." Alikuwa amekonda hadi kitenge kilimzunguka mara mbili. Caritas alimwona mama yake akiisha mbele ya macho yake, na taa zile zilikuwa jaribio lake la mwisho.

"Zote sita mu chumba cha mama," alimwambia Fortunat. "Tatu juu ya kitanda, tatu karibu na dirisha. Kama mu kitabu."

Fortunat alitoa mita yake, mita ya chuma iliyochubuka rangi, akapima unene wa ukuta pale mlangoni mwa nyuma. Kisha akaingia chumbani kwa mama, akafungua dirisha kidogo, akatazama nje. Milima ilikuwa pale pale.

"Ishirini na mbili," alisema. "Toa kumi na mbili. Inabaki kumi."

"Kumi zinatosha."

"Kwa mvua zinatosha."

Caritas alimwelewa vizuri sana, na kwa sababu alimwelewa, aliudhika. "Jamani! We unaleta vita hata kwenye taa?"

"Vita iko hapa mbele yangu. Sikia, dada. Taa za kuzama unaziweka mu kolido, ku ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Na chini, hapa." Aliinama akagusa goti lake. "Taa ya chini inaonyesha miguu njia, lakini nje hakuna mutu anaiona. Mama hatakuwa na sababu ya kuogopa."

"Magotini! Tuwaangazie mende?"

"Mende nao ni viumbe vya Mungu."

"Fortunat, nyumba ni ya nani?"

"Yenu."

"Basi toboa mahali nimekuonyesha."

Alitoboa. Siku tatu patasi ililia ukutani, na siku tatu hizo ndizo zilizomfunga Caritas miguu na mikono. Mchana simu ilimlia mezani ofisini.

"Madame Douane, umekula?"

"Nimekula. Na we, umeharibu nini leo?"

"Nimeharibu moyo wangu tu. Ukuta uko salama."

"Muongo! Rudi kazini." Lakini hakukata, wala Fortunat hakukata, wakabaki wanasikilizana wakipumua hadi unite za simu zikaisha. Jioni alimkuta na vumbi jekundu kwenye kope, akampangusa kwa ncha ya kitenge, na Fortunat akamshika mkono akasema taratibu, "Chérie, huu ukuta unaninyima usingizi." Caritas alidhani ni maneno ya mapenzi tu.

Zénon, mwenzake wa ofisini, alikuwa ameshaona. "Angalia," alimwonya. "Wakongomani, leo wako hapa, kesho wameshavuka mpaka, wako Uvira. Usimuachie funguo." Caritas alimcheka. Neno lenyewe lakini lilibaki ndani yake.

Alhamisi alirudi mapema, akaingia chumbani kwa mama, akasimama mdomo wazi. Matundu yote sita yalikuwa yamezibwa kwa tofali na saruji mbichi. Katoni haikuwepo. Fundi hakuwepo. Mama Daphrose alijua tu kwamba kijana aliondoka saa nane na katoni kwapani, ana haraka.

Simu ya Fortunat ilikuwa imezimwa. Alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na kila mara neno la Zénon lilizidi kuota mizizi. Saa kumi na moja ndipo ikapokelewa.

"Wapi taa zangu?"

"Caritas, ngoja nikueleze, niko kwa—"

"Uko Uvira? Umeziuza? Walinionya! Walisema usiingize Mukongomani mu nyumba, atabeba hata misumari! Mwizi we! Mi nilikuona mutu, kumbe mwizi!"

Nyuma ya sauti ya Fortunat mashine fulani ilikuwa inakwaruza chuma. Kisha mashine nayo ikanyamaza.

"Umemaliza?" aliuliza Fortunat.

"Sijamaliza!"

"Mi nimemaliza kusikia." Akakata.

Jumamosi Caritas alipotoka kazini, mama yake alimpokea mlangoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alimshika mkono akamwingiza kwenye kolido, akabonyeza swichi. Kando ya sakafu, usawa wa goti, taa tano ziliamka ukutani. Kila moja ilikuwa imechomelewa vibao vyembamba vya chuma vinavyotazama chini, na nuru ililala sakafuni bila kupanda hata kiunoni.

"Alikuja asubuhi ulipotoka tu, akatoboa bila kupumzika," alisema Mama Daphrose. "Alikuwa amezipeleka Buyenzi kwa muchomeleaji, kuwekewa hivi vyuma. Nilimpa chai, akasema asante Mama, akaiacha ikapoa. Malipo nayo alikataa. Caritas, ulimuambia nini huyu mutoto wa watu?"

Aibu ilimpanda Caritas hadi masikioni. Na aibu ikimkuta mtu mwenye kiburi, hugeuka hasira upesi.

"Nilinunua sita, Mama. Hapa ni tano."

Tundu la sita lilikuwa wazi, mwisho wa kolido. Nyaya zake zilifungwa vizuri kwa utepe mweusi, na chini yake ililala ile mita ya chuma.

"Hii ya sita amejilipa," alisema Caritas. "Na haraka ya kukimbia imemsahaulisha mita."

Mama yake alichukua kikombe cha chai iliyopoa, akaenda jikoni. Usiku kucha na Jumapili yote Caritas alibonyeza namba ya Fortunat, na kila mara alikata kabla haijaita.

Jumatatu, saa moja ya asubuhi, chai bado iko mezani, bomu la kwanza lilianguka. Vikombe viliruka. La pili lilikuwa karibu zaidi, vioo vya jirani vikamwagika. Caritas alikimbilia chumbani kumvuta mama kama siku zote, akijua atang'ang'ania kitanda kama siku zote. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Mama! Mama we!"

"Huku! Kuja huku, haraka!"

Mama Daphrose alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye kolido, mkono mmoja bado ameunyoosha kuelekea swichi. Kolido lile halikuwa na dirisha hata moja, hata asubuhi lilikuwa giza tupu, lakini nuru ya chini ilimwonyesha Caritas pa kuweka miguu. Alijitupa kando ya mama yake. Nyumba ilitetemeka, vumbi likawashukia kutoka darini, mahali fulani mwanamke alikuwa anaita majina ya watoto wake moja moja.

"Nakuona," alisema mama yake, amemshika shavu. "Nakuona vizuri, mwanangu. Usiogope."

Kisha ukaja mshindo uliowainua wote wawili kutoka sakafuni.

Adhuhuri kulipotulia, Caritas alizunguka nje. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa umeng'atwa na kipande cha bomu, usawa wa mto wa kulalia. Aliingiza kidole kwenye shimo, halafu akarudi ndani mbio akachukua mita ya Fortunat, akaisukuma hadi ikagota. Alipangusa vumbi, akasoma.

Kumi na tatu.

Aliinama akachungulia. Ndani kabisa, nyuma ya vumbi jekundu la tofali, palikuwa na saruji ya kijivu, ile ya Alhamisi. Pale ndipo kipande kilipokwama. Kumi alizotaka yeye zisingekizuia. Caritas alikaa chini kwenye majani, akalia kwa sauti hadi majirani wakadhani kuna msiba.

Mtandao wa simu ulikuwa umekatika, na njia zilifungwa siku mbili. Jumatano zilipofunguliwa alikwenda Buyenzi kwenye chumba cha Fortunat. Mama mwenye nyumba alimwambia, "Ameenda bandarini na mufuko. Anapanda meli ya Kigoma." Basi alikimbia. Viatu alivivulia njiani, karani mzima wa forodha, kitenge kinapepea, watu wakimpisha wakidhani mabomu yameanza tena.

Alimkuta kwenye mstari wa abiria, shati lile lile jeupe.

"Fortunat!"

Aligeuka. Macho yalikuwa yamechoka. "Mama iko mzima?"

Hilo ndilo lililommaliza Caritas. Alimtukana mtu huyu, na neno lake la kwanza likawa mama.

"Mama iko mzima. Bomu limekula ukuta kumi na tatu." Alimshika ncha ya mkono wa shati. "Kumi na tatu, Fortunat. Mi nilikuita mwizi. Unisamehe. Kama huwezi kunisamehe, unitukane basi, hapa mbele ya watu, nikuone umetulia."

Fortunat aliuweka mfuko chini. "Iliniuma," alisema. "Nilitukanwa na wengi mu hii mji. Sikuumia hivi."

"Najua. Na sasa unakimbia, una haki."

"Nani anakimbia?" Alifungua mfuko, akatoa taa ya sita, kioo kimepasuka katikati. "Muchomeleaji aliivunja. Hapa Buja hakuna kama hii, naenda kuitafuta Kigoma. Mita yangu hukuiona?"

"Niliiona. Nilisema umesahau."

"Caritas, fundi wa kwetu anaweza kusahau chakula. Mita, apana. Akiiacha mu nyumba anasema kazi haijaisha, anarudi. Hata kama mwenye nyumba amemutukana."

Caritas aliitoa mita kwenye mkoba wake, akaishika kwa mikono miwili, na machozi hakuyapangusa. Honi ya meli ililia. Mstari ukaanza kusogea.

"Ukirudi usije na taa peke yake," alisema haraka, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha na haya angeona baadaye. "Uje na watu wako wakuombee uchumba kwa Mama. Tayari anakuita mutoto wake."

Fortunat alimtazama kama mtu aliyeguswa na waya wenye moto. "Mi ni mukimbizi, chérie. Watu wangu walibaki huko. Niko na mujomba moja tu, anavua samaki Kajaga."

"Mmoja anatosha."

"Kwa mvua?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alitabasamu.

"Kwa yote."

Alinyoosha mkono ampe mita. Fortunat aliirudisha kwenye kiganja cha Caritas, akamfunga vidole kimoja kimoja, kisha akapanda meli na taa yake iliyopasuka. Caritas alisimama gatini peku hadi meli ikawa ndogo, halafu akarudi Mutanga Sud kwa miguu. Alipofika aliirudisha mita chini ya tundu la sita, na mama yake akawasha taa.