Chumba cha Futi Tisa kwa Saba

Siku ya gulio, Lushoto, mwaka wa sabini na nne. Rahabu ameketi barazani kwa watu na cherehani yake ya mkono, anapinda gauni la kitenge, mara ubao ukapita begani mwa mtu na kulipiga kopo lake la vifungo. Vifungo vikamwagika katikati ya miguu ya wauza mapeasi.

"Kaka, ubao wako hauna macho?"

"Macho ninayo mimi, dada. Yalikuwa kwako."

Aliyesema hivyo ni Hezekia, seremala, kaptula ya kaki na sweta lililotoboka kiwikoni. Akautua ubao, akapiga magoti matopeni, akaokota kifungo kimoja kimoja. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Rahabu, ambaye hakuwa na mama wala ndugu hapo mjini, akajikuta anatamani vifungo vingekuwa vingi zaidi.

Wakasindikizana miezi mitatu, utani njia nzima. Kisha akaja bwana mmoja wa serikali na daftari. Watu wakamwita Bwana Orodha. Amri yake ilikuwa fupi, kama zilivyo amri za wasiouliza: chumba kimoja cha kazi, fundi mmoja. Asiye na chumba ni mzururaji, Jumatatu ashuke bondeni, kijiji kipya upande wa Magoma. Ujamaa tuliupenda sisi, tuliuimba mpaka sauti zikakauka. Nani alikwambia kuupenda ni kupakiwa kwenye lori kama viazi?

Rahabu alikuwa na baraza ya kuazima tu. Hezekia akamwambia yupo rafiki yake anayehama, chumba ni kidogo, futi tisa kwa saba, lakini kikipangwa kitatosha.

Akamketisha katikati ya chumba, kwenye kigoda, akamwambia anyooshe mikono. Pale vidole vilipofika akatia alama ya chaki.

"Fundi, unapima ukuta au unanipima mimi?"

"Ukuta hauna joto hivi, mpenzi. Nyoosha."

Cherehani ikakaa dirishani, penye mwanga. Kulia, misumari ya nyuzi, kila rangi na msumari wake. Kushoto, rafu nyembamba ya vitambaa, vimekunjwa na kusimamishwa kama vitabu, ili ukichomoa kimoja vingine visianguke. Meza ya kukatia akaifunga ukutani kwa bawaba: ukikata unaishusha, ukimaliza unaipandisha, unapata pa kupita. Pasi ya mkaa akaiwekea kibao cha bati karibu na mlango, mbali na vitambaa.

Jumamosi kazi ikaisha. Rahabu akazunguka kwa macho, na furaha yake ikaanza kupungua. Kigoda kimoja. Msumari mmoja wa koti.

"Na wewe utakaa wapi?"

Hezekia akaendelea kufagia maranda. "Humu mimi sikai," akasema.

Jumatatu Bwana Orodha akachungulia, akatia alama kwenye daftari, akaenda zake. Mchana Rahabu akasikia Hezekia amepanda lori pamoja na wengine. Hakuaga. Rahabu, aliyeamini Hezekia ana chumba chake cha kazi kwingine, akaamua moyoni kwamba yuko mwanamke mwingine huko bondeni. Barua ya Hezekia ilipokuja, aliitia kwenye makaa ya pasi bila kuifungua, akaendelea kunyoosha suruali za watu. Wiki sita alizungumza na wateja tu: kiuno, bega, urefu.

Siku moja akaja mwenye nyumba, Mama Paskalina, kupunguza gauni la kanisani. Rahabu akamwamkia shikamoo, akaanza kumpima, pini mdomoni.

"Pamependeza," mama akasema. "Nimezoea kuona benchi lake humu. Miaka minane."

"Benchi la nani, mama?"

"La Hezekia. Hujui? Hiki kilikuwa chumba chake cha useremala. Alikuja akaniomba niandikishe jina lako, afute lake. Nikamuuliza, na wewe je, baba? Akasema yeye mikono yake hata porini itapata mti."

Rahabu akazitema pini kiganjani, moja moja. Ndipo akaambiwa kwamba Hezekia anatengeneza milango kwenye ofisi ya shamba la mkonge, na kwamba ofisi ile ina simu.

Posta alisubiri toka saa tatu hadi saa sita.

"Haloo? Hezekia, ni mimi. Barua yako niliichoma."

"Ilikuwa fupi. Hukupoteza kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa chumba."

"Ningekataa. Nioe, nikufuate."

"Nikikuoa watakufuta huko, wakuandike huku. Mke humfuata mume, ndivyo anavyosema yule bwana."

"Basi mume amfuate mke."

"Nilimuuliza. Alicheka mpaka akakohoa." Sauti ikashuka. "Rahabu wangu, huku hakuna hata kivuli. Usije. Shona."

Mtu wa posta akaonyesha saa yake. Rahabu akamgeuzia mgongo.

"Sikia. Jumapili nikitoka ibadani napanda basi. Jumatatu alfajiri narudi, nafungua chumba. Na Jumapili nyingine hivyo hivyo, mpaka daftari lao liishe kurasa."

"Hatujaoana. Watu watasema."

"Watu walikutazama ukipakiwa kwenye lori, na hakuna aliyesema. Sasa waseme."

Upande wa pili alimsikia Hezekia akivuta pumzi, kisha akicheka taratibu, kama aliyekuwa amesahau namna ya kucheka. Simu ikakatika. Siku hiyo ilikuwa Jumanne; bado siku tano kufika Jumapili.