Pipa la Maji Lililogeuzwa Kiti

Majirani zangu, leo nitasema, na wa kununa anune. Beseni ninalofulia limetoka kwa Fundi, mtengeneza mabeseni wa mtaa wetu, kwa hiyo na mimi nimo.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa za raha. Karakana ikifunguliwa, mke wa Fundi ameshajaza maji pipa kubwa, na binti yao wa pekee anaimba huku akifuta kalibu za kuundia mabeseni. Plastiki chakavu zilisagwa, kisha zikamwagwa pipani. Zilizoelea zilikuwa njema: ndoo, madumu, vifuniko. Zilizozama zilitolewa, hasa za mabomba, maana zikiingia kwenye tanuri hutoa moshi unaokata koo. Zile njema zilianikwa juani kutwa, ndipo zikayeyushwa.

Hiyo kutwa ya kuanika ndiyo iliyomshinda Fundi. Tamaa ilikuwa imemwingia, na sisi wateja tulimchochea kwa kelele zetu za leo leo. Siku moja akamwaga maji, akaligeuza pipa, akalikalia.

"Mke wangu, pua yako inatosha," alisema. "Choma kipande, nusa. Kikinuka mshumaa, kipitishe. Kikikuwasha, tupa."

"Na nikikosea?"

"Wewe? Mtu akikata kitunguu nyumba ya tatu, wewe unajua!"

Tulicheka sana. Toka siku hiyo tukamwita Pua, na mwenyewe aliitika.

Akawa ananusa kutwa nzima, kiberiti mkononi, uso ndani ya moshi. Mwaka haukuisha akamtilia mumewe maziwa yaliyochacha kwenye chai. Fundi akafoka. Hapo mama wa watu akasema lililomkaa moyoni.

"Sisikii harufu tena, mume wangu. Mwezi wa pili huu. Turudishe pipa."

"Umeanza kudeka. Watu wanasubiri mabeseni yao."

"Nakwambia nanusa, napata joto tu!"

"Basi angalia rangi."

Angalia rangi! Kipande cha bomba la kijivu na kipande cha ndoo ya kijivu, nani atavitenganisha kwa macho? Fundi alilijua hilo kuliko sisi sote. Alijua, akaendelea kukalia pipa.

Siku ya siku ilifika mchana kweupe. Mama alikuwa uani akichambua, Fundi amekwenda kupeleka mzigo. Binti alikuwa peke yake ndani, madirisha yamefungwa ili vumbi lisishike mabeseni mabichi. Alipofunua tanuri, moshi ule wa mabomba ulimpiga usoni. Ukapenya chini ya mlango, ukapita pale pale alipoketi mama yake, na mama hakuinua kichwa.

Mimi ulinifikia ng'ambo ya njia. Nikasonya, nikafunga dirisha langu, nikasema watu hawa wanatuua kwa moshi wao. Laiti ningepiga kelele! Mama alikuja kugundua alipoingia kuchukua gunia, akamkuta mwanawe sakafuni.

Hospitali walimwokoa binti. Mapafu yake hayakuokoka. Na Fundi alipofika, jambo la kwanza alilomwambia mkewe, mbele yetu, lilikuwa hili: "Ulikuwa wapi na hiyo pua yako?"

Mama akamgeuzia kisogo, akarudi kando ya kitanda cha mwanawe.

Sasa pipa limesimama tena, na Fundi hulijaza maji mwenyewe kila asubuhi, ingawa tanuri halijawashwa tangu siku ile. Juzi nilikwenda kuwajulia hali. Tukiwa tumekaa, sufuria ikaanza kuungua jikoni. Mama alikuwa akinisimulia habari za kiatu kilichokatika, hana habari. Binti alisikia harufu, lakini pumzi ya kuita hana. Akachukua kijiko, akagonga meza mara mbili, na mama akakimbia kuepua.

FUNZO

Kuipa plastiki chakavu maisha mapya ni kazi njema, lakini hatua za kazi ziliwekwa ili kumlinda mtu, na anayezikata humkata mtu. Mwenzako akikwambia kazi inamuumiza, mwamini siku hiyo hiyo. Na wewe mnunuzi unayetaka leo leo, uliza haraka yako inalipwa na mwili wa nani. Mimi sikuuliza. Beseni langu lingali zima, halina hata ufa.