Bomba Lililokunywa Maji ya Korongo

Mtaa wa Hoyo Claro umejengwa kwenye mteremko, juu ya mto Ozama, jijini Santo Domingo. Maji ya bomba hayaji huko kila siku. Huja Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwa saa tatu au nne, kisha hukatika. Kwa hiyo siku hizo hakuna anayemaliza kikombe chake cha kahawa. Anayetangulia kusikia bomba lake likikohoa hupaza sauti, "Yameingia," na kila nyumba inashika ndoo.

Nyumbani kwa Mzee Eligio Polanco hakuna aliyeshika ndoo. Eligio alikuwa fundi wa kuchomelea madirisha ya chuma, na alikuwa na pampu. Aliifunga mwenyewe kwenye bomba linaloingia kutoka barabarani. Aliipaka rangi nyekundu, akaijengea kibanda cha bati. Akibonyeza swichi, pampu huvuta maji barabarani na kuyasukuma mpaka kwenye tangi la paa. Dakika arobaini, tangi limejaa.

"Sikiliza inavyonguruma," alimwambia mkewe, Leocadia. "Kama paka aliyeshiba."

Leocadia alikuwa anaponda ndizi za kuchemsha. "Paka wako amewakausha watu wa chini," alisema. "Msikilize Quisqueya."

Bi Quisqueya, jirani wa nyumba ya chini, alikuwa amesimama mlangoni kwake na ndoo tupu. "Mzee Eligio, bomba langu linapuliza hewa. Nikitia mdomo hapa utaninyonya mpaka meno."

"Nunua pampu, jirani. Kwani umebakiwa na meno mangapi?"

"Manne. Na yote nitakung'ata nayo."

Watu wakacheka. Nyumba kumi na moja za uchochoro ule, pamoja na ya Eligio, zilikuwa na pampu za namna hiyo. Zilizobaki zilisubiri wenye pampu washibe.

Mchana wa siku ile, mjukuu wao Dariela aliharisha tena. Dariela alikuwa na miaka miwili. Mama yake alifanya kazi katika hoteli ya mbali, upande wa mashariki, na kurudi kila mwisho wa mwezi. Mtoto alikuwa mikononi mwa babu na bibi. Hii ilikuwa mara ya tatu tangu Pasaka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

Walimkimbiza zahanati. Muuguzi Noris alimpa maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, mpaka alasiri. Mtoto alipokojoa, Noris akashusha pumzi. Kisha akampima uzito na kuwageukia wazee.

"Amepungua kilo moja na nusu tangu mara ya kwanza," alisema. "Namtibu, anapata nafuu, mnaondoka, anarudi. Safari nyingine huenda msinifikie kwa wakati."

Leocadia alimkumbatia mtoto. Eligio alikasirika, kwa sababu aliogopa.

"Ni mto ule," alisema. "Jiji zima linamwaga uchafu wake Ozama. Mimi mtu mmoja nitaufanya nini mto?"

"Kwani Dariela anakunywa maji ya mto?"

"Hapana. Hata ya bomba hanywi. Ya kunywa tunanunua, yale ya madumu."

"Chupa yake ya maziwa mnaioshea nini?"

Leocadia alijibu polepole. "Maji ya bomba."

"Na barafu ya juisi yake?"

"Ya bomba."

"Mnayachemsha kwanza?"

Leocadia alitikisa kichwa.

"Basi anayanywa," alisema Noris. "Anayanywa kidogo kidogo."

"Maji ya bomba yanasafishwa kabla ya kuletwa mjini," Eligio alibisha. "Na ya kwangu ni safi kuliko ya wote. Yanapita kwenye pampu."

Noris alimgeukia. "Kumbe una pampu. Imefungwa kwenye bomba la barabarani?"

"Kwa mikono yangu."

"Nitakuja Ijumaa. Usiiwashe mpaka nifike."

Ijumaa Noris alikuja na kijichupa cha kioo na dawa ya matone. Maji yalipoingia, alikinga kidogo kwenye bomba la uani, kabla hayajafika kwenye pampu. Akadondosha dawa. Maji yakawa na rangi ya waridi.

"Hii rangi inaonyesha kuna klorini," alisema. "Klorini ndiyo dawa inayoua vijidudu. Maji haya yamefika salama. Sasa nipe ya tangini, ya Jumanne."

Leocadia akaleta kikombe. Noris akadondosha dawa ileile. Maji hayakubadilika rangi.

"Klorini imekwisha," alisema. "Ikikutana na uchafu, inapigana nao mpaka inaisha."

"Uchafu gani?" aliuliza Eligio. "Tangi langu lina kifuniko."

"Twende korongoni."

Korongo lilipita nyuma ya nyumba. Humo yalishuka maji ya vyoo, maji ya kufulia, na takataka za mtaa, mpaka mtoni. Mabomba ya maji safi nayo yalipita humohumo, kwa sababu waliochimba walitafuta njia fupi. Bomba la uchochoro wa Eligio lililala ndani ya dimbwi jeusi. Kiungo chake kimoja, kilichozama nusu, kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni Eligio aliyekifunga, miaka miwili iliyopita. Maji yalikuwa yakitoka hapo kwa mchirizi mwembamba.

"Mwambie mkeo awashe," alisema Noris.

Eligio akapaza sauti. Pampu ikanguruma. Mchirizi ukakatika.

"Umeona?" Eligio alisema kwa fahari. "Pampu inazuia hata bomba lisivuje."

Noris hakubishana. Alitoa mfukoni kipakiti cha bluu ya kufulia, akaimwaga kwenye dimbwi na kukoroga kwa kijiti. Maji meusi yaliyozunguka kiungo yakawa ya buluu. Kisha yeye mwenyewe akamwita Leocadia. "Mama, toa kwenye tangi mpira unaoleta maji, ukinge maji kwenye beseni jeupe."

Walisubiri. Nzi walitua kwenye maganda ya ndizi. Eligio alianza kusema ana kazi ya watu inamngoja.

"Eligio," Leocadia aliita kutoka juu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo uangalie hapa."

Alipanda ngazi mbili mbili. Maji ya beseni yalikuwa na ubuluu hafifu, kama shati jeupe lililotoka kufuliwa. Aliyachota kwa kiganja, akayatazama, akayamwaga. Kando ya beseni ilikuwa chupa ya maziwa ya Dariela, imeoshwa, imeinamishwa ikauke.

"Maji yakija kwa nguvu zake," Noris, aliyekuwa amemfuata, alieleza, "yanasukuma kwenda nje. Penye tundu yanavuja, lakini uchafu hauingii. Pampu ikivuta kwa nguvu kuliko yanavyokuja, bomba linabaki na kiu. Linakunywa popote penye tundu. Mchirizi haukuzibwa, Mzee Eligio. Uligeuka."

Eligio alizima swichi, akaleta spana na kuanza kufungua nati.

"Usiitupe," alisema Noris. "Pampu haina kosa. Imekaa mahali pasipo pake. Weka pipa lenye kifuniko hapa chini. Acha maji ya barabarani yaingie pipani yenyewe, bila kuvutwa. Kisha pampu ivute kutoka kwenye pipa na kupeleka juu. Tangi ulimwage lote, ulisugue kwa maji ya klorini, ulisuuze. Na maji ya mtoto, yawe ya kuoshea chupa, ya barafu au ya kuoshea matunda, chemsheni. Au tieni klorini hii ya zahanati, matone mawili kwa lita, msubiri nusu saa. Klorini za chupa nyingine zina nguvu tofauti. Someni maandishi kwanza."

Jumanne iliyofuata pipa la Eligio lilipata ndoo moja tu. Pampu kumi zilizobaki zilikunywa nyingine zote.

"Rudisha yako," alisema Leocadia kwa uchovu. "Peke yako utafanya nini?"

"Sitakuwa peke yangu," alisema Eligio.

Jumapili aliwakuta wanaume wakicheza domino mbele ya duka. Jacinto, mwenye pampu kubwa kuliko zote, alikuwa anashinda.

"Nasikia umeacha pampu ukaokoka," alisema Jacinto. "Sasa mimi nitoe yangu ili wewe ujaze pipa?"

"Utoe yako ili watoto wako wasinywe choo changu."

Mchezo ukasimama.

"Chunga mdomo, mzee."

"Nachunga. Jumanne kinga beseni jeupe, uje korongoni."

Jumanne walikuja watu zaidi ya ishirini. Eligio alimwaga bluu mbele yao. Jacinto aliwasha pampu yake, akarudi na beseni la maji ya buluu, uso umemshuka. Hata hivyo alijitetea.

"Hii bluu umeitia wewe."

"Nimeitia korongoni, umeniona. Sasa waeleze watu imefikaje kwako."

Jacinto alilitazama beseni. Bi Quisqueya akamwambia, "Yanywe basi, kama huamini." Hakuna aliyecheka.

Kazi ile haikuisha kwa siku moja. Nyumba mbili zilikataa katakata, na Eligio alizirudia kila jioni kwa siku tisa, mpaka wenyewe wakachoka kumwona. Watu wa uchochoro waliandika barua kwa ofisi ya maji, haikujibiwa. Wakaenda watu kumi na mbili, wakaambiwa waje wiki ijayo. Wakaenda tena, wakakaa chini mlangoni mpaka mhandisi akatoka. Wakati wakisubiri, Eligio alichomelea vyuma vya kuegemeza bomba, na Jacinto akasimama ndani ya korongo, tope mpaka magotini, wakaliinua bomba kutoka dimbwini. Mafundi wa ofisi walipofika hatimaye, walibadilisha viungo vitatu vilivyooza. Watu wa mtaa waliondoa takataka magunia arobaini, maji machafu yakapata njia yake, na dimbwi likakauka. Wakakubaliana kuwa anayetupa taka korongoni atazizoa mbele ya wote.

Mto Ozama bado ni mchafu. Hoyo Claro haiwezi kuusafisha yenyewe. Lakini mtaa ulijua sasa uchafu ulivyokuwa ukitoka korongoni na kuingia jikoni, na njia hiyo ulikuwa umeifunga.

Pampu zote zilipoondolewa kwenye bomba la barabarani, maji yalikuja taratibu, lakini yalimfikia kila mtu. Bi Quisqueya alijaza ndoo zote, na sufuria, na beseni la kuogea, kisha akakaa juu ya kiti kuyatazama, kama mtu anayeogopa yatatoroka.

Miezi minne ikapita. Dariela hakuharisha hata mara moja. Zahanati, Noris alimweka kwenye mizani, akaangalia mara mbili.

"Kilo kumi na mbili," alisema. "Kilo alizopoteza zimerudi, na nyingine juu yake. Mnampa nini?"

"Wali na maharagwe," alisema Leocadia. "Anamaliza sahani, anahamia ya babu yake."

Ijumaa moja, pipa likijaa lenyewe, Eligio alisikia mngurumo kutoka ng'ambo ya korongo. Akasimama kusikiliza. Zilikuwa pampu tano, labda sita. Alivaa shati safi, akavuka kwa daraja la mbao, akabisha hodi nyumba ya kwanza. Mwanamke kijana alifungua, mtoto mchanga begani.

"Naitwa Eligio Polanco, wa ng'ambo," alisema. "Nilikuwa na pampu kama yako. Nimekuja kukueleza jinsi nilivyomnywesha mjukuu wangu maji ya choo, nikidhani namletea maji safi."

Mwanamke alimtazama, akamtazama mtoto wake. Kisha akainua mkono ukutani, akazima swichi.

"Ingia, baba," alisema.